Mavumbi yanayoingia nyumbani



Mwezi huu nimeweka kando habari niliyokuwa nimetayarisha, kwa sababu ya barua moja. Imetoka kwa mama mumoja anayekaa karibu na barabara ya makamiyo ya madini. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, nami sikukisahihisha:

"Baba pasteri, nilipanda lengalenga ku mulango ya nyumba. Ilitoka muzuri, kisha majani ikageuka manjano, ikabakia fupi tu. Jirani anasema ni bulozi. Miye naona ni ile mavumbi ya makamiyo. Batoto banachezea paka pale. Nikichemsha maji na nikisafisha mboga, haitoshe?"

Mama, asante kwa barua. Bulozi haumo katika jambo hili, na yule jirani umwambie kwa upole. Lakini swali lako la mwisho limenichoma moyo, kwa maana zamani mama mwingine aliniuliza vilevile, nami nikamujibu vibaya. Acha niungame kosa lile mbele ya kukujibu wewe.

Nilikuwa kijana, nimetoka masomo ya Biblia hata mwaka haujatimia, wakanituma kwenye kituo kimoja karibu na kijito. Juu ya kijito wachimbaji walikuwa wakiosha madini. Wakati ule tulikuwa tunaogopa kolera, na kila siku ya Mungu kisha ibada nilisimama kufundisha: chemsheni maji, chemsheni maji. Lilikuwa fundisho zuri. Siku moja mama mumoja akanifuata na kopo mukononi, akasema, "Baba, hii maji nilichemsha, lakini iko na rangi, na iko buchungu." Nikamujibu, "Chemsha tena, mama." Akaenda. Alichemsha tena, akamupa mutoto wake, kwa masika mbili.

Aliyenifungua macho ni muuguzi wa zahanati. Hakunicheka. Aliniuliza tu, "Pasteri, ukitia chumvi katika sufuria ya maji na kuichemsha mpaka kesho, chumvi itatoka?" Nikanyamaza. Maji yanatoka kwa mvuke, chumvi inabakia, na maji kidogo yanayobakia chini yanazidi kuwa na chumvi. Madini yaliyoyeyuka ndani ya maji ni vivyo hivyo. Nilipomutafuta yule mama kumwambia, jamaa ile ilikuwa imekwisha kuhama kufuata kazi. Mpaka leo sijui mutoto yule alikua namna gani.

Basi, tujifunze pamoja. Uchafu unaotuzunguka ni wa namna mbili kubwa, na dawa ya mumoja si dawa ya mwingine. Kuna uchafu unaooza: maganda, mavi, mizoga, maji ya choo yanayoingia kisima. Unaleta kolera, homa ya tumbo na kuhara. Unakufa kwa moto, kwa jua, kwa dawa ya maji, na ukiuzika vizuri unageuka mbolea. Kuna tena uchafu usiooza, na katika inchi yetu ya madini huo ndio tunaokaa nao mulangoni: shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiumu, arseniki. Usijaribu kuvichoma, kwa maana vimekwisha kupita katika tanuru lenye moto kushinda jiko lako mara nyingi, vikatoka vizima. Vikishuka juu ya udongo, vinakaa. Babu anaviacha, mujukuu anavikuta. (Mifuko ya plastiki inayoziba mifereji, moshi wa makala, makelele ya mabare usiku kucha: hayo nayo ni uchafuzi, tutayazungumuza siku nyingine.)

Kama unataka kuona namna vinavyokaa, angalia Lubumbashi. Shaba ya kwanza iliyeyushwa pale mwaka wa 1911, wakati wa Union Minière, muji ukiitwa Elisabethville. Mawe ya shaba mara nyingi yana kiberiti ndani yake. Ukiyachoma, kiberiti kinatoka kama hewa kali inayowasha pua na kukohoza, na pamoja nayo unatoka unga mwembamba wa madini. Kwa miaka mingi shemine ile kubwa ilitema vitu hivyo viwili. Huku kwetu upepo wa kipwa unatoka hasa upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikwenda kaskazini-magharibi, juu ya Penga Penga na sehemu za jirani. Hewa ya kiberiti iliua miti. Mahali palipokuwa na pori la miombo pakabakia udongo mutupu, mvua ikaubeba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi ya Gécamines ilianguka sana, na moshi ule wa zamani ukapungua. Wengi walifikiri uchafu umekwisha. Miti ilirudi? Hapana. Kwa maana hewa ya kiberiti ilikwenda zake, lakini unga wa shaba na ndugu zake ulibakia ndani ya udongo. Mimea michache tu inaweza kuuvumilia, kama zile nyasi ndogo ambazo watu wa elimu wanaziita Microchloa. Vijana wanaosoma habari za kilimo wajue kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameshugulikia jambo hili. Mwaka wa 2010 ilitolewa habari ya majaribio yao: walichanganya udongo ule na chokaa au na mboji, wakapanda nyasi za hapa hapa kwetu, kusudi zifunike udongo na kuzuia vumbi. Kuponya udongo kabisa hawakusema. Kuufunika na kuufunga, hilo linawezekana. Nitalirudia kwa sababu ya lengalenga ya mama yetu.

Sasa, vitu hivi vinaingia mwilini namna gani? Wengi wanafikiri ni kwa pua tu, kwa hiyo wanamuhurumia baba anayefanya kazi ndani ya mugodi na kumusahau mutoto anayetambaa nyumbani. Lakini tazama mutoto wa mwaka mumoja. Anatambaa chini, anashika udongo, anatia mukono mudomoni, anaangusha biskuti na kuiokota. Tena tumbo lake halifanani na letu. Shirika la Afya Ulimwenguni linafundisha kwamba mwili wa mutoto mudogo unaweza kunywa risasi mara 4 mpaka 5 kushinda mwili wa mutu mukubwa, kwa kiasi kile kile alichomeza. Shaba kidogo mwili wetu unaihitaji. Risasi hauihitaji hata chembe, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa hakina hatari. Inaharibu ubongo unaokua. Mutoto hataanguka chini siku hiyo, wala hatatoka vidonda. Atakuwa muzito kushika masomo, mwalimu atasema ni muvivu, na baba atamupiga.

Jirani zetu wa Zambia wanalijua hilo kwa uchungu. Mugodi wa risasi wa Kabwe ulifungwa mwaka wa 1994. Miaka mingi kisha kufungwa, watoto waliozaliwa wakati hakuna tena mushahara wa mugodi bado wanapatikana na risasi nyingi katika damu, kwa ajili ya mavumbi ya kartie zao.

Kwetu sisi wamepima hasa kobalti. Mwaka wa 2009 watu wa elimu wa Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mukojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu sana na migodi au mafabriki walikuwa na kobalti nyingi kushinda ile iliyokuwa imewahi kuandikwa popote kwa watu wa kawaida, na watoto walipita wakubwa. Kisha ikaja habari ya Kasulo, Kolwezi. Mwaka wa 2014 kobalti ilipatikana chini ya lupango za watu, na kwa muda mufupi kartie nzima ikageuka mashimo: watu walichimba katika viwanja vyao na hata ndani ya nyumba. Matokeo ya vipimo yalitolewa mwaka wa 2018. Watu wa pale walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mukojo kushinda wale wa kartie ya jirani isiyochimbwa, na tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwa watoto. Waliokuwa wakichimba ni wakubwa. Watoto walikuwa wakilala tu pale.

Na jambo moja ambalo kina baba hawapendi kusikia. Mwaka wa 2020 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na vilema. Jambo lililoonekana wazi kushinda mengine lilikuwa kazi ya baba: kilema kilipatikana zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Sababu kamili bado inatafutwa. Ninaliandika kwa sababu nimeona mara nyingi mwanamuke akihukumiwa na jamaa nzima, hata kufukuzwa, kwa kuzaa mutoto wa namna hiyo. Wakwe, acheni.

Tuingie nyumbani sasa. Mambo nitakayosema hayahitaji franka nyingi.

Kazi ya kwanza ni mukono. Sisi tunakula bukari kwa mukono, na mara nyingi tunanawa katika bakuli moja linalozunguka: baba kwanza, wageni, kisha watoto mwisho. Angalieni maji yale yanapofika kwa mutoto wa mwisho. Ni matope. Heshima kwa baba ni nzuri, lakini afazali mutu mumoja ashike kopo na kumiminia kila mutu maji juu ya mikono, na sabuni. Hii inasaidia juu ya kolera na juu ya madini vilevile, na ni moja ya mambo machache yanayosaidia pande zote mbili.

Jambo la pili ni ufagio. Asubuhi ya kipwa binti zetu wanafagia lupango mpaka wingu linasimama, nasi tunawasifu kwa bidii. Vumbi lile halikutoka. Liliruka tu na kushuka ndani ya sufuria na juu ya kitanda cha mutoto. Nyunyiza maji kwanza, kisha fagia. Ndani ya nyumba pangusa kwa kitambaa chenye maji.

La tatu ni nguo za kazi. Hapa nitakaa kidogo. Baba anatoka mugodini au kwenye kuosha madini, mutoto anakimbia, "Tata amefika!", baba anamunyanyua na kumubana kifuani. Ni upendo, nani atauzuia? Lakini kifua kile kimejaa unga wa madini. Baba, vua nguo nje, oga, kisha umubebe mutoto wako hata saa nzima. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi, na mama asizifue huku amebeba mutoto mugongoni. Maji yake yasimwagwe kwenye bustani. Mama mumoja wa kanisa letu alinijibu, "Baba, bwana yangu atasema nimemukataa ku mulango." Nikamwambia aniachie mimi kusema naye. Nilisema naye. Alikasirika siku mbili, kisha akajengea pale nje ukuta mudogo wa majani wa kuogea.

Tena kuna mifuko. Hili linanitia hasira kidogo, munisamehe. Mufuko uliobeba madini unafuliwa mara moja, kesho umejaa unga wa mahindi. Bidoni lililobeba dawa za fabriki linauzwa sokoni, kisha linachotewa maji ya kunywa kwa sababu ni gumu na halipasuki. Hakuna kufua kunakotosha. Usinunue, hata kwa bei ya bure. Na madini yasiwekwe chini ya kitanda kungoja bei ipande. Najua sababu: wezi. Lakini mwizi anakuja usiku mumoja, na vumbi linakaa nanyi kila usiku.

Chakula nacho kinasaidia. Mutoto mwenye njaa, aliyekosa damu, mwili wake unanywa risasi upesi zaidi. Ndagala, maharagi, mayai, sombe iliyopandwa mbali na vumbi, hivyo vinampa nguvu za kukataa. Si dawa ya kuondoa sumu iliyokwisha kuingia. Ni kumukinga.

Nimesema mambo ya nyumbani kwa urefu. Lakini nisiwadanganye wazazi kwamba wakifagia vizuri mambo yamekwisha. Kuna mambo ambayo mama hawezi kuyafanya kwa kitambaa. Kamiyo linalopita bila bashi, barabara isiyomwagiwa maji, bwawa la mabaki lenye ukuta dhaifu: hayo ni ya mwenye kazi. Nayo yanawezekana. Ile hewa ya kiberiti inaweza kushikwa na kugeuzwa asidi, na asidi hiyo hiyo fabriki zinaihitaji kwa kutoa shaba na kobalti katika mawe. Mabwawa yanaweza kutandikwa chini kusudi yasivuje. Yakipuuzwa, tumeona. Tarehe 18 Februari 2025, ngambo ya mupaka, karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la mabaki ya shaba ulivunjika, maji ya asidi yakaingia muto unaokwenda Kafue. Samaki walikufa, na muji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba.

Sheria zetu hazikunyamaza. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mutu haki ya kukaa mahali penye afya, tena inamupa kazi ya kupatetea. Sheria ya migodi iliyosahihishwa Machi 2018 inasema mwenye mugodi atalipa hasara aliyoleta kwa watu na kwa udongo, hata kama hakuvunja sheria, hata kama hakukuwa na kosa. Inamulazimu pia kutoa sehemu ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaomuzunguka, na kuandikiana nao daftari la ahadi. Vijana, mumekwisha kuliona daftari hilo kwenu? Muombe lisomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili. Nimehudhuria mukutano mumoja ambamo lilisomwa kwa Kifaransa mbio mbio, wazee wakapiga makofi.

Na mukilalamika, mulalamike na vitu mukononi. Sauti ya hasira inasikiwa siku moja. Andikeni tarehe, saa, upepo ulitoka wapi, rangi ya maji, samaki wangapi, shamba la nani. Pigeni picha kwa simu. Watu wengi watie sahihi. Peleka kwa shefu wa kartie na kwa ofisi ya mazingira ya jimbo, na ubaki na kopi yenye muhuri. Usikubali kupokea bahasha pembeni peke yako. Kijana mumoja aliniuliza katika mukutano wa vijana, "Pasteri, basi tuombe migodi ifungwe?" Nikamwambia ukweli: karo ya masomo ya wengi waliokaa pale ilitoka mugodini, na sadaka iliyonunua mabati ya kanisa pia. Kabwe ilifungwa na sumu ikabakia. Mimi naomba isafishwe ingali wazi, wakati kuna mutu wa kudaiwa.

Sasa lengalenga yako, mama. Kusafisha mboga kunaondoa vumbi lililo juu ya jani, kwa hiyo osha mara mbili tatu kwa maji safi. Lakini shaba nyingi katika udongo inafupisha mizizi na kugeuza majani kuwa manjano, na sehemu ya madini inapanda ndani ya jani lenyewe. Hiyo kuosha hakuiondoi, wala kupika. Mboga za majani zinavuta kushinda punje za mahindi na maharagi. Usiwape watoto zile za manjano. Hapo mulangoni usipande chakula tena: panda nyasi, ufunike udongo wote, watoto wasichezee vumbi tupu. Bustani uipeleke nyuma ya nyumba, mbali na barabara, na uweke ukingo wa miti midogo au majani marefu katikati. Kama udongo wa nyuma nao ni mubaya, jenga tuta la kuinuka kwa matofali, ulijaze udongo ulioletwa kutoka mbali, pamoja na mbolea ya ngombe au mboji iliyooza vizuri, na chokaa kidogo. Chokaa inafunga madini yasiyeyuke upesi. Mulete udongo huo kwa mifuko mipya.

Na maji: kama kisima chako kiko chini ya mahali wanapoosha madini, usinywe, hata ukichemsha. Chota bombani au kwenye kisima cha juu, hata kama ni mbali, kisha hayo ndiyo uyachemshe.

Yule mama wa kwanza, kama angali hai na anasoma ukurasa huu, aniandikie.